Nilivyojadiliwa Chini ya Mengineyo

Kazi ya kusikiliza shida za watu nilipewa kwa sababu sikuwepo. Katika kampasi yetu ya Kitengela ndivyo majukumu yanavyogawanywa: mkutano unaitwa, jambo zito linatajwa, watu wote wanainamia simu zao, kisha mmoja anamkumbuka yule aliyeomba ruhusa kwenda kung'olewa jino. Siku hiyo aliyekwenda kung'olewa jino ni mimi. Niliporudi, shavu likiwa bado limekufa ganzi, mwenzangu tunayeshiriki naye ofisi alinipa mkono wa pongezi. Nilikuwa nimekuwa mratibu wa afya ya akili ya wanafunzi na wafanyakazi. Nilitaka kumuuliza kwa nini mimi, lakini mdomo ulikataa kufunguka, naye akachukulia kwamba nimekubali.

Ninafundisha takwimu. Nimezaliwa magharibi mwa Kenya, katika nyumba ya mwalimu, na katika nyumba yetu mtu aliyebaki kitandani asubuhi alikuwa ama mgonjwa ama mvivu. Mgonjwa alipewa uji, mvivu akapewa jembe. Sikuwahi kuona mtu wa aina ya tatu, na nikikumbuka vizuri, nadhani mama aliwahi kuwa mtu huyo kwa msimu mzima wa mvua, lakini tulimpa uji tu. Kwa hiyo nilianza kazi hii mpya nikiwa sijui ninatafuta nini kwa watu, na hilo nililisema waziwazi kwa kila aliyenisikiliza. Hakuna aliyejali.

Tulipelekwa mjini Kajiado kwa mafunzo, katika hoteli yenye kidimbwi kisicho na maji. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mpole aliyerudia jambo moja hadi likatuchosha: mtu akija kwako usimshauri, msikilize. Kumwambia mhadhiri asishauri ni kumwambia mbuzi asitafune. Tulikaa wawiliwawili kufanya mazoezi, na mimi nikaangukia kwa mkuu wa idara yetu. Huyu ni mwanamke wa kutoka eneo la Kati, daktari wa uchumi, mwenye mwendo wa haraka na macho ya kuhesabu viti vitupu, na kwa miaka yote niliyomfahamu sijamwona akikosa siku hata moja. Zamu yake ya kujifanya mwenye shida ilipofika, alinitazama akitabasamu kidogo.

"Sasa nikuambie nini? Mimi sina shida. Wewe uko na shida?"

"Sina, Daktari."

"Basi hebu tumalize ile ratiba ya mitihani."

Tukaimaliza. Ilikuwa ratiba nzuri, haikugongana popote.

Kipindi cha mwisho cha mafunzo kilikuwa juu ya msikilizaji mwenyewe, yaani akishasikiliza yote hayo anayapeleka wapi. Sisi hatukukisikia. Mtu wa Kitengela akitumwa Kajiado hawezi kurudi mikono mitupu wakati nyama ya mbuzi iko pale pale na bei ni nafuu, kwa hiyo mwezeshaji alipokuwa akifungua mada hiyo, sisi tulikuwa tumepanga foleni buchani, kila mtu akionyesha kwa kidole mguu anaoutaka. Tulirudi na nyama na fulana za rangi ya samawati. Mgongoni ziliandikwa ONGEA NAMI.

Tuliambiwa tuzivae kila Ijumaa, nami nikavaa, kwa sababu nililelewa kutii. Ijumaa ya kwanza aliingia mwanafunzi wa mwaka wa tatu, msichana wa kutoka Ewuaso Kedong, ambaye pia ni kiongozi wa darasa langu. Alisoma mgongo wa fulana nilipokuwa nikimimina chai.

"Mwalimu, hii ni ya basari ya karo?"

"Hapana. Ni ya kuongea tu."

"Kuongea nini?"

"Chochote."

Nilidhani angeondoka. Aliketi. Akaanza kusema kwamba likizo iliyopita, nyumbani walisema amekuwa na maringo ya chuo kwa sababu hataki kukaa na watu, na si maringo. Akasema ni kama maneno yamemwishia. Nikasema, "Mmh." Akaendelea. Nikasema tena, "Mmh." Alizungumza hadi chai yangu ikapoa, kisha akasimama, akanishukuru kwa heshima zote, akatoka akitembea kwa wepesi ambao hakuingia nao. Mimi nilibaki nikitazama ukuta. Sikuelewa nilichomfanyia, kwa maana sikuwa nimefanya kitu.

Walikuja wengine. Kulikuwa na kijana mmoja mcheshi, anayefanya darasa zima kuvunjika mbavu, aliyeniambia huku akicheka, "Mwalimu, niko poa tu, ni vile siku hizi sioni maana ya kuamka." Kwa huyo angalau nilijua la kufanya, kwa sababu mwezeshaji alitukazia: maneno ya namna hiyo usiyaweke mfukoni. Nilimuuliza moja kwa moja kama amefikiria kujiua, akaacha kucheka, nami nikatembea naye bega kwa bega hadi kwa muuguzi wa kampasi, na kutoka hapo tukafika hospitali. Alitibiwa, yuko hai, na siku hizi ananisalimia kwa kelele kutoka mbali. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kweli, lakini jioni hiyo nilipofika nyumbani nilishindwa kufungua kifuniko cha thamosi, na mke wangu akanifungulia bila kuuliza.

Walimu nao walikuja, ila wao walijifanya wameleta habari za mtu mwingine. "Kuna rafiki yangu fulani," mmoja angesema, nami nilikuwa nikimfahamu rafiki huyo tangu siku alipoajiriwa. Kila mtu aliacha kitu ofisini mwangu na kwenda zake. Sikujua pa kuviweka. Nilivibeba kwenda Noonkopir tunakokaa, nikalala navyo, nikarudi navyo.

Kisha asubuhi moja nilisimama mbele ya darasa, nikaandika ubaoni fomula ambayo nimeiandika maisha yangu yote ya kazi, nikaitazama, nikaona sijui ni nini. Si kwamba niliisahau. Niliiona, herufi na alama zake zote, lakini haikuwa na maana yoyote, na darasa zima lilikuwa limeshika kalamu likingoja. Baadhi walidhani ni mtihani wa ghafla. Nikaweka chaki mezani, nikawaambia wajisomee, nikatoka. Barabarani nilisimama kupisha ng'ombe wavuke, na walipokwisha kuvuka mimi nilikuwa bado nimesimama. Mchungaji wao alinitazama kwa huruma. Nyumbani niliketi kitandani na viatu.

Kesho yake nilirudi kazini, nikafika hadi mlangoni mwa darasa, nikanyoosha mkono, na mkono ukagoma. Sijui niseme vipi ili nieleweke. Ndani nilisikia wanafunzi wakicheka mambo yao, mlango haukuwa na kufuli, na mimi ni mtu mzima mwenye nguvu. Nilisimama pale nikisoma tangazo la kikundi cha sala lililobandikwa mlangoni, nikalisoma hadi nikalikariri, kisha nikaondoka kwa kupitia nyuma ya maabara. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Halafu nikaacha kwenda.

Nilisema ni presha. Kenya nzima inaiheshimu presha, hakuna anayekuuliza maswali. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hadanganyiki kirahisi, aliazima mashine ya kupimia kutoka duka la dawa, akanifunga mkono, akasoma.

"Presha yako ni ya kijana wa kidato cha pili," akasema.

Hakusema kwa utani. Alikunja ule mpira wa mashine polepole, na nilimwona anaogopa. Baadaye, akiwa amenipa mgongo anaosha vyombo, aliniuliza kama nina mwanamke mwingine. Nilimwambia sina. Akasema, "Ningependelea ungekuwa naye, ningejua naanzia wapi," kisha akalia, nami nikamshika bega bila kujua ninamfariji kwa jambo gani. Nilimpenda sana wakati ule na nilijiona mzigo, yote mawili kwa pamoja.

Utasema, kwa nini hukwenda kwa mshauri nasaha? Yupo. Huja kampasini kila Jumatano kutoka makao makuu. Lakini kumwona sharti upitie kwa mratibu akupangie nafasi, na mratibu ni mimi, na mratibu alikuwa haji kazini. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu nikiwa nimelala chali. Nilijiona nikibisha hodi kwenye mlango wangu, nikijikaribisha, nikijiambia nafasi zimejaa.

Mwishowe nikakata kauli. Jumatatu ningekwenda kwa mkuu wa idara nimwambie naacha kazi. Mhadhiri asiyeweza kuingia darasani si mhadhiri, na nilijua idara isingeweza kulipa watu wawili kwa somo moja. Baada ya hapo ningefanya nini, sikujua. Nilikuwa na umri wa kutoanza upya na watoto walio katikati ya masomo.

Alhamisi mwenzangu wa ofisi alikuja kunijulia hali akiwa na mkungu wa ndizi. Ni mtu wa kwetu, wa magharibi, mwenye moyo mpana na sauti pana zaidi, na ndiye katibu wa welfare, yaani chama chetu cha wafanyakazi cha kusaidiana. Hajawahi kumpenda mtu bila kumuundia kamati. Nilijua hayo yote, na bado nikafungua mdomo. Nilimwambia si presha. Nilimwambia kuhusu mlango na mkono, na kwamba Jumatatu naacha kazi, na kwamba asimwambie mtu.

"Mwalimu, hii imekufa na mimi," akasema, akajigusa kifua.

Kwa haki yake niseme kwamba alitunza nusu. Habari ya kuacha kazi hakumwambia mtu. Ugonjwa ndio aliona ni mali ya chama.

Ijumaa walinijadili. Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, baadaye, bila aibu hata chembe. Katiba ya welfare yetu inatambua mambo manne tu: msiba, harusi, mtoto na kulazwa hospitali. Mimi sikuwa lolote kati ya hayo, kwa hiyo nilijadiliwa mwisho kabisa, chini ya mengineyo, baada ya suala la vikombe vya ofisi kupotea. Mmoja alipendekeza nihesabiwe kama mgonjwa aliyelazwa, ikapingwa kwa kuwa sikuwa nimelazwa. Mwingine, kwa mzaha, akasema mtoto. Wakabishana. Katika kubishana huko mtu akasema kwamba nyumba yenye mtu asiyesema wala asiyetoka inafanana zaidi na nyumba yenye msiba kuliko nyumba nyingine yoyote. Hoja ikaungwa mkono. Wakatoa programu ya msiba, wakabadilisha jina.

Jumapili baada ya kanisa mke wangu alipigiwa simu kwamba watu wawili watatu watapitia kidogo kusalimia. Yeye anaijua "kidogo" ya watu wa welfare, akakanda unga wa chapati mara moja. Mimi niliambiwa nivae shati.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wamejipanga getini, kina mama wamejifunga leso, wanaume kwa makoti, mikononi unga, sukari, mafuta ya kupikia na sufuria kubwa la chuma, na walikuwa wanaimba. Wimbo wenyewe ulikuwa ule wa polepole, ambao kila mtu katika nchi hii anajua unaimbwa lini. Mwimbishaji alikuwa hodari. Niliposikia mstari wa pili, nywele zilinisimama.

Mwenye ploti yetu, yaani jengo tunalopanga, ni mama mfanyabiashara, mtu wa Kati, anayekaa ghorofa ya chini na kuuza vifaa vya ujenzi. Hakuwa ameniona kwa muda. Alisikia wimbo, akaona nyuso, akaona sufuria, akajumlisha. Kabla wageni hawajapanda ngazi, alikuwa amekwisha kutoa viti vya plastiki vyote alivyo navyo na kuvipanga uani, amemwamuru mlinzi aondoe gari lililoziba njia, na mzee wa Kimaasai anayetuletea maziwa alikuwa amevua kofia na kusimama wima kando ya tangi la maji. Nilipofungua mlango kuwapokea, mwenye ploti ndiye aliyekuwa mbele, kitambaa machoni. Alipiga ukemi.

"Uko hai!"

"Niko, Mama."

"Sasa ni nani amekufa?"

Nilimgeukia mke wangu. Mke wangu alimtazama katibu. Katibu alitazama sufuria. Naapa kwamba kwa muda mfupi mimi mwenyewe nilianza kujiuliza ni nani.

"Hakuna mtu amekufa, Mum," katibu akasema mwishowe. "Tumekuja tu kumwona Mwalimu. Hajisikii vizuri."

"Na mnamwimbia hiyo?"

Alikasirika kwa haki, lakini hakuondoa viti. Alisema kwa kuwa vimeshatolewa watu wakae, na chai iletwe, na yeye pia akaketi mstari wa mbele, maana alikuwa amefunga duka.

Basi programu ikaanza pale uani. Sala ya kufungua ilimwomba Mungu aifariji familia hii, na aliyeomba aliposhtukia alichokuwa akisema akaongeza haraka, "na kila familia." Kisha utambulisho. Kila mmoja alisimama akataja jina lake na idara yake, watu ninaopishana nao koridoni kila siku, nami nikawa naitikia kwa kichwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Katibu alisoma kipengele kilichofuata kwa sauti yake pana, "Sasa tunafika kwa wasifu wa ma...," akakohoa, akasema, "Hapo tunaruka." Mtu alicheka nyuma. Mke wangu aliuma midomo. Sikujua kama nicheke au niingie ndani nifunge mlango, na nilikuwa na hasira na katibu, hasira ya kweli, na wakati huo huo nilikuwa nimemwona mwalimu wa hesabu ambaye magoti yanamsumbua akiwa amekuja kwa miguu kutoka steji ya matatu, na hasira ikakosa pa kukaa.

Wanafunzi walikuwa wametuma mwakilishi. Ni yule msichana wa Ewuaso Kedong. Alisimama, akanyoosha sketi, akanisalimia kwa Kimaasai.

"Supa, Mwalimu."

"Epa."

"Mimi nimetumwa na darasa. Wamesema niwaambie... wamesema pole kwa..."

Akasimama hapo. Nilimwona akitafuta neno, uso umejikunja, na watu wote wakimsubiri.

"Wamesema tu pole," akamalizia, akaketi.

Machozi yalinitoka. Sikuyazuia kwa sababu sikuyasikia yakija. Tangu nianze kuumwa nilikuwa nimeulizwa ni presha, ni mwanamke, ni madeni, ni majini, na huyu mtoto wa watu alikuwa amesimama mbele ya walimu wake wote, akaona hajui, na akanipa pole hivyo hivyo bila jina.

Programu ikasema neno la mwenye nyumba. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kuwashukuru tu, niseme naendelea vizuri.

"Sijui nina nini," nikasema. "Nikifika mlangoni mwa darasa, mkono unakataa. Sijui kama ni ugonjwa ama ni mimi nimeisha. Hiyo ndiyo habari yangu."

Lori lilibadilisha gia kwenye barabara ya Namanga. Halafu wakaanza kunishauri. Wote kwa pamoja. Ninywe maji ya vuguvugu na kitunguu saumu. Niache kahawa. Nitembee jioni hadi nitoke jasho. Nimrudie Mungu. Nijenge, maana kukodi nyumba kunachosha akili, na kuna vipande vizuri vya ardhi kule Matasia. Mwenye ploti hakupenda hilo la kujenga na akasema hivyo. Kila kitu tulichokatazwa kule Kajiado walinifanyia, na ajabu ni kwamba hakikuniumiza kama nilivyotarajia. Nilikaa katikati ya kelele hiyo nikijisikia vibaya na vizuri, sikuweza kutenganisha.

Aliyekaa kimya ni mkuu wa idara. Alikuwa ameketi karibu na ngazi, amejifunga leso kama wengine, kikombe cha chai mkononi hadi chai ikafanya utando. Nilikwepa macho yake. Kesho yake ndipo ningekuwa mezani pake kumwambia naondoka, na sasa alikuwa amekula chapati zangu.

Wakanivisha shuka nyekundu mabegani, wakanipiga picha. Kwenye picha hiyo ninaonekana kama mtu anayegombea udiwani akijua atashindwa.

Ilibaki sala ya kufunga. Lakini katibu wetu, akishakamata programu, mdomo wake hujiendea wenyewe. Welfare yetu pia ina mtindo wa kutembeleana majumbani kwa zamu, mwezi hadi mwezi, bila sababu yoyote ila kunywa chai, na kila mkutano wa namna hiyo hufungwa kwa swali moja. Akaliuliza.

"Na mwezi ujao tunaenda kwa nani?"

Aliposikia alichosema, alijifunika mdomo kwa karatasi. Watu wakainamia vikombe. Mwenye ploti akasema polepole, "Huyu mtu ni wa ajabu."

"Kwangu," akasema mkuu wa idara.

Katibu aliteremsha karatasi. "Daktari?"

"Nimesema kwangu."

"Pole, Daktari. Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Kuna mtu amelazwa?"

"Hakuna."

Katibu alibaki na kalamu hewani. Ni mtu wa utaratibu, na jambo lisilo na jina linamtesa. "Sasa niandike nini?"

Mkuu wa idara aliweka kikombe chini, taratibu, hadi kikatulia kwenye sahani.

"Andika kama yake," akasema.

Hakunitazama. Mtu mmoja alianza kucheka akidhani ni utani, kisha akaacha. Katibu aliandika. Na kwa kuwa hawezi kuacha jambo likiwa limening'inia, alitangaza kwamba, kwa desturi, aliyetembelewa mwisho ndiye hutangulia mlangoni kwa anayefuata, kwa hiyo mwezi ujao Mwalimu ndiye atakayebisha hodi kwa niaba yetu sote. Watu wakapiga makofi kwa sababu ndivyo programu ilivyosema. Katibu peke yake pale ndiye aliyejua kwamba mwezi ujao ningekuwa si mwalimu wa mtu, na hata hakuonekana kukumbuka.

Jumatatu nilipanda ngazi hadi ofisini kwa mkuu wa idara bila kujua nimekwenda kusema lipi. Maneno ya kuacha kazi nilikuwa nimeyapanga vizuri. Alikuwa amesimama dirishani, amevaa koti lake la kila siku, na aliponiona hakuniambia niketi.

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilifungua mdomo. "Nimekuja kuuliza tuje saa ngapi," nikasema.

Alifikiri. "Wewe njoo mapema. Kabla ya hao wengine."

Nikaitikia. Nilikuwa nimegeuka kuondoka aliponiuliza, kwa sauti ya chini sana, "Huwa unafanya nini ukifika hapo mlangoni?"

"Nasimama tu, Daktari. Kisha naondoka."

"Mimi hukaa kwa gari," akasema. "Hapo chini. Naweka simu sikioni."

Sote tulikuwa tumemwona. Kila asubuhi, tukipita na mikoba yetu, mkuu wa idara akiwa ndani ya gari amefunga vioo, simu sikioni, na tulikuwa tukisema kwamba yule mama anafanya kazi hata kabla ya kufika kazini. Nilitaka kumwambia kitu. Sikumshauri. Nilisema, "Mmh."

Alitazama saa ukutani. Darasa langu lilikuwa limeanza. Akachukua kalamu, akaiweka, akatoka nami. Tuliteremka ngazi, tukapita maabara, tukafika kwenye mlango ule wenye tangazo la sala. Nilinyoosha mkono, na mkono ukakataa kama kawaida yake. Aliutazama mkono wangu ukiwa hewani. Kisha akausukuma mlango yeye, akatangulia kuingia, akapita katikati ya madawati hadi nyuma kabisa, akaketi kati ya wanafunzi na koti lake la kila siku bado mabegani. Darasa zima likageuka kumkodolea macho, na mimi nikapata nafasi ya kuingia.